Linda Ronstadt katika Santuri Moja: Wasomaji Wauliza

Tangu nilipoitaja mikusanyiko ya nyimbo za Linda Ronstadt, mwimbaji Mmarekani mzaliwa wa Tucson, barua hazijakoma kuletwa hapa Nakuru. Nimechagua chache.

*Nilinunua Greatest Hits yake ya mwaka 1976, lakini wimbo alioimba na Aaron Neville haumo. Je, nimeuziwa bandia?* (Msomaji, Section 58)

La. Wimbo huo ulitoka mwaka 1989. Hii ni barua ya nne ya namna hii. Mwaka huchapwa kwenye jalada, na kuusoma hakutozwi ada.

*Redio ya Jumapili humwita mwimbaji wa kantri, naye mwanangu anashikilia kwamba ni wa roki. Nani mkweli?* (Mama wa Kakamega)

Nyote wawili, Mama, ila kila mmoja ameshika kipande tu. Mwaka 1967 alivuma na kundi la Stone Poneys. Mwaka 1975 akaongoza chati za Marekani kwa roki. Mwaka 1980 akapanda jukwaani New York kuigiza katika opereta, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ya Waingereza Gilbert na Sullivan. Mwaka 1983 akaimba nyimbo za kale za mapenzi mbele ya okestra ya Nelson Riddle. Kisha, ndani ya mwaka mmoja wa 1987, akatoa albamu ya kantri pamoja na Dolly Parton na Emmylou Harris, na nyingine ya Kihispania, Canciones de Mi Padre, yenye nyimbo za Kimeksiko za aina zilizoimbwa nyumbani kwao, ambayo iliuzwa zaidi ya nakala milioni mbili nchini Marekani. Hakuna santuri moja inayoweza kuyabeba yote hayo kwa heshima. Wimbo wa mariachi, muziki huo wa Kimeksiko, ukipachikwa baada ya gitaa la roki huonekana kama mgeni aliyekosea harusi, na kwa maoni yangu ni heri mkusanyiko uache mambo kuliko uyarundike.

*Mbona tumsifu mtu anayeimba nyimbo za wengine?* (Msomaji, Kisumu)

Swali hili linanichosha, lakini nitalijibu. Ni kweli kwamba karibu vibao vyake vyote vilitungwa na wengine: Blue Bayou ni ya Roy Orbison na Joe Melson, na When Will I Be Loved ilitungwa na Phil Everly. Hebu sikiliza basi Blue Bayou ya Orbison ya mwaka 1963, kisha ile ya Ronstadt ya mwaka 1977, uone anavyoliacha gitaa la besi litangulie, akaanza kwa sauti ya chini kana kwamba anajisemea mwenyewe, na kuifungulia sauti yote kiitikio kinapofika. Hiyo ni kazi, tena ngumu.

Kosa haliko kwa mwimbaji, bali kwetu sisi tusiosoma jina la mtunzi lililo chini ya jina la wimbo. Kundi la Tremeloes la Uingereza liliurekodi Helule Helule, wimbo wa Mkenya Daudi Kabaka, mwaka 1968 na ukaingia katika chati za huko, lakini bado nakutana na vijana wanaodhani kwamba Kabaka ndiye aliyewaiga Waingereza!

*Ninunue mkusanyiko upi?* (Kitale)

The Very Best of wa mwaka 2002, nyimbo 21. Ukimaliza, tafuta albamu kamili ya Heart Like a Wheel ya mwaka 1974.

*Kuna flashi inauzwa stejini yenye nyimbo zake zote. Inafaa?* (Bungoma)

Haifai. Mimi niliwahi kununua ya namna hiyo, nikakuta nyimbo tatu za Emmylou Harris zimeandikwa jina la Ronstadt, na mbili zimekatwa kabla ya ubeti wa mwisho. Mtunzi hapati hata senti.

*Ataimba tena lini?* (Njoro)

Hataimba. Mwaka 2013 alitangaza kwamba ugonjwa wa Parkinson umemnyang'anya sauti ya kuimba, na baadaye madaktari wakabaini kuwa ni maradhi mengine ya ubongo yanayofanana nao. Albamu yake ya mwisho ya studio, aliyoirekodi na Ann Savoy, ilitoka mwaka 2006. Tafadhali msiniandikie kuuliza kwa nini haimo katika mkusanyiko wa mwaka 2002.