Maiki ya bei nafuu ya kurekodia nyumbani: nunua ile utakayoweza kuisogelea

Nyumba nyingi ambamo watu wanarekodia hapa Uganda zina mabati juu, kuta tupu za saruji, na barabara ya boda hatua chache kutoka dirishani. Anza kuwaza hapo kabla hujauliza jina la maiki. Ile inayosifiwa na mtu aliyekaa kwenye chumba chenye zulia nene huko Uingereza, ukiifunga Ntinda au Arua mjini itakuletea jogoo, mwadhini, jenereta ya jirani, halafu wewe wa nne.

Kinachoamua zaidi ni umbali. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka mara mbili, sauti yako hupungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Kelele za chumba hazipungui, maana zenyewe zimeenea kila pembe. Anayeongea akiwa sentimita 20 amepoteza desibeli 12 akilinganishwa na aliye sentimita 5, na akijaribu kufidia kwa kuongeza gaini (kiasi cha kukuza sauti ya maiki), anapandisha sauti yake pamoja na mwangwi wa ukuta kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo tafuta maiki unayoweza kuiongelea ikiwa vidole vinne kutoka mdomoni bila sauti kupasuka.

Hapo ndipo maiki ya aina ya dainamiki inaposhinda. Ndani yake mna koili ndogo iliyobandikwa kwenye utando, inacheza katikati ya sumaku. Haihitaji umeme, ikianguka sakafuni mara nyingi huamka nzima, na inavumilia mtu anayeisogelea hadi karibu kuibusu. Aina ya pili, kondensa, ina utando mwembamba zaidi mbele ya bamba lenye chaji. Inahitaji umeme, na inanasa vitu vidogo: pumzi, kiti kinacholalamika, ukurasa unaogeuzwa. Watu husema kondensa "inasikia mbali". Si hivyo hasa. Ukiziweka zote mbili mahali pamoja, zote za kusikiliza upande mmoja, ukasawazisha na gaini, uwiano wa sauti yako na kelele za chumba utatofautiana kidogo tu. Tofauti inaletwa na mazoea: kondensa huwekwa shubiri nzima kutoka mdomoni, dainamiki vidole vinne, na ni huko kusogea kunakoiacha boda nje.

Kondensa ina kazi yake. Anayerekodi ala za nyuzi kama adungu au endingidi kutoka nusu mita ataipenda, kwa sababu inashika vizuri mguso wa kidole kwenye uzi. Kwa mtu mmoja anayesoma habari, mahubiri, matangazo ya redio au podikasti katika chumba cha kawaida, nunua dainamiki.

Sasa pesa. Bei iliyobandikwa kwenye maiki ni sehemu tu ya gharama, na wengi hugundua hilo wakiwa wamekwisha kufika nyumbani. Dainamiki ya XLR (plagi ya duara yenye pini tatu) inahitaji waya wa XLR, kadi ya sauti ya kuingilia kwenye kompyuta, stendi na hedifoni. Kosa la kila wiki ni hili: mtu anachukua maiki ya aina ya kanisani, yenye waya unaoishia kwenye jeki nene ya milimita 6.35, anaweka adapta ya kuipunguza, anaichomeka kwenye tundu dogo la laptopu. Anachopata ni sauti ya mbali iliyofunikwa na shhhh kama redio isiyoshika stesheni. Maiki si mbovu. Shure SM58, kwa mfano, hutoa chini ya milivolti 2 kwa sauti ya desibeli 94, na tundu la laptopu halikuundwa kuinua umeme mdogo kiasi hicho bila kuinua uchafu wake lenyewe. Tena waya ule wa jeki umeshapoteza faida ya XLR, ambamo pini ya 1 ni ngao, na pini za 2 na 3 hubeba sauti ileile moja ikiwa imepinduliwa, ili kadi ya sauti ifute kelele zilizoingia njiani.

Kadi ndogo kama Behringer UM2 inatosha kuanzia: ina tundu moja la XLR na umeme wa volti 48 kwa ajili ya kondensa. Ila usiifunge pamoja na Shure SM7B, ile maiki nene unayoiona mbele ya kila mtangazaji mtandaoni. Hiyo inataka gaini ya desibeli 60 au zaidi, na kadi nyingi za bei ya chini hufika huko zikiwa zinapiga kelele zenyewe. Ukiinunua, jiandae kununua na kifaa cha kupandisha sauti yake. Kwa bajeti ndogo, iache.

Njia inayobana matumizi kuliko zote ni dainamiki yenye midomo miwili, USB na XLR kwa pamoja. Samson Q2U na Audio-Technica ATR2100x ni za namna hiyo. Leo unaichomeka moja kwa moja kwenye laptopu, na siku ukipata kadi ya sauti au miksa unatumia XLR ya maiki ileile. Chini zina tundu la hedifoni, ukajisikia papo hapo badala ya kujisikia kwa kuchelewa kupitia kompyuta, jambo linalowafanya watu waongee kama walevi. Q2U hurekodi kwa biti 16 na kilohezi 48. Asikutishe mtu kwa namba kubwa zaidi ya hizo. Kwa sauti ya kuongea katika chumba chenye mabati, kelele ya chumba chenyewe iko juu sana ya kile ambacho biti 16 zinashindwa kukishika.

Ukirekodi kwa simu ya Android, maiki hiyo ya USB inaingia kwa adapta ya OTG, ile inayoiwezesha simu kupokea vifaa vya USB. iPhone zina tundu la USB-C kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023. Za kabla yake zinahitaji adapta ya Lightning. Baada ya kuchomeka, usiamini macho. Fungua programu ya kurekodi, kwaruza wavu wa maiki kwa ukucha huku ukiangalia mstari wa sauti, kisha kwaruza sehemu ya chini ya simu. Mstari ukiruka ulipokwaruza simu na ukatulia ulipokwaruza maiki, simu bado inasikiliza kwa maiki yake ya ndani, na ungerekodi saa nzima bure. Mara nyingi tatizo ni programu: jaribu nyingine inayokuruhusu kuchagua maiki ya nje.

Kuna seti inayouzwa sana, kondensa ya BM-800 na ndugu zake, ikiwa na mkono wa kufunga mezani, sponji na kikapu cha kuzuia mtikisiko, vyote kwa bei inayoshangaza. Kwenye picha inafanana na studio. Waya wake huishia kwenye jeki ya milimita 3.5, na tundu hilo la laptopu hutoa volti chache tu badala ya 48, ndiyo maana sauti hutoka nyembamba na dhaifu. Ukishanunua waya wa XLR wa kweli na kadi ya sauti yenye volti 48, umeshaikaribia au kuipita bei ya maiki nzuri ya USB. Na mwenye kondensa ya umbo hilo akumbuke kwamba inaongelewa ubavuni, upande wenye nembo. Anayeiongelea kichwani, kama anavyoongelea maiki ya jukwaani, anapata sauti ya mtu aliye ndani ya pipa.

Maiki ya kubana kwenye shati ni ya video. Boya BY-M1 ina waya wa mita 6 na betri ndogo ya LR44, na kwenye waya kuna kiswichi: upande mmoja wa simu, mwingine wa kamera. Ukiichomeka kwenye simu, kiswichi kiwe upande wa simu, ambako betri haihitajiki. Ukikisahau upande wa kamera, betri inaisha kimyakimya. Plagi yake ina mistari mitatu myeusi, kwa hiyo laptopu yenye matundu mawili tofauti ya maiki na hedifoni inahitaji adapta ya kugawanya. Ibane sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Inasikia pande zote, basi usiitegemee karibu na dirisha la barabarani. Zile za kubana zisizo na waya, za bei ya chini, nyingi huja na kichujio cha kelele kinachokula na herufi zako: "s" na "sh" zinakuwa kama mtu anayepiga gumzo akiwa chini ya maji. Zima hicho kichujio kama kinazimika.

Kuhusu maiki bandia. SM58 imekuwa ikiuzwa karibu dola 100 Marekani kwa miaka mingi. Dola ikiwa karibu shilingi 3,600, hiyo ni kama laki tatu na nusu kabla ya usafiri, forodha na VAT ya asilimia 18. Inayouzwa elfu sitini, hata ikiwa na boksi, kitabu na mfuko wake, si SM58. SM58 halisi ina uzito wa gramu 298, kwa hiyo ibebe hadi kwenye mizani yoyote ya jikoni iliyo karibu. Bandia nyingi ni nyepesi kwa sababu hazina transfoma ndani. Ajabu ni kwamba dainamiki ya bei nafuu inayotumia jina lake yenyewe, kama Behringer XM8500, mara nyingi ni bora kuliko bandia ya jina kubwa kwa bei hiyohiyo.

Wengine huagiza Nairobi, Barabara ya Luthuli, mzigo ukaja na basi kupitia Busia au Malaba. Sawa, ila hesabu nauli ya kuirudisha ikigoma.

Dukani, nenda na simu yako, adapta yako na hedifoni zako. Rekodi ukimya kwa sekunde 10, usiongee wala kusogea, kisha usikilize: shhhh nzito hapo utaishi nayo. Kunja waya karibu na plagi huku ukirekodi. Mkwaruzo maana yake solda inaachia. Halafu ongea mbele ya maiki, ugeuze mgongo wake kwako, uongee tena kwa nguvu ileile. Ile ya kusikiliza upande mmoja lazima ishuke waziwazi. Ikiwa pande zote mbili ni sawa, maneno yaliyoandikwa kwenye boksi ni mapambo.

Nyumbani, kosa la kuweka mambo kinyume limeenea mno. Watu hubandika sponji kwenye ukuta ulio nyuma ya maiki, wakati huo ndio upande isiousikia. Maiki inakutazama wewe na ukuta ulio nyuma yako. Kwa hiyo tundika blanketi mbili nzito au simamisha godoro nyuma ya mgongo wako, na dirisha liwe nyuma ya maiki, yaani wewe ulitazame. Kabati la nguo lililofunguliwa, ukalipa mgongo, linafanya kazi kuliko sponji nyembamba za sentimita 2, ambazo hunyonya sauti kali tu na kukuachia mvumo wa besi. Kaa mbali na kona.

Weka maiki pembeni kidogo ya mdomo, kama nyuzi 30 hadi 45, ili upepo wa "p" na "b" upite kando. Jaribu kwa sentensi kama "Baba Peter alipanda basi la Pallisa." Ikipiga mabomu, nyoosha waya wa henga uwe duara, vuta soksi ndefu ya nailoni juu yake, uiweke sentimita 5 mbele ya maiki. Pandisha gaini hadi vilele vya sauti vifike kati ya desibeli -12 na -6. Ukisogea karibu sana besi inavimba. Wengine wanaupenda huo uzito wa redio, lakini ukiyumba mbele na nyuma msikilizaji atadhani mnaongea wawili.

Mvumo wa mmmm ukiingia, chomoa chaja ya laptopu. Ukikatika, maiki haina hatia. Umeme wetu ni wa hezi 50, mvumo wake husikika hapo na kwenye 100, na soketi nyingi za nyumbani hazina ethi (waya wa ardhini) hata kama zina matundu matatu. Rekodi kwa betri, kisha kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, kata sauti zote zilizo chini ya hezi 80.

Hayo yote hayasaidii mvua ikianza kupiga mabati. Godoro halisaidii, maiki ya dola elfu haisaidii, na kichujio cha kelele kitakula nusu ya maneno yako. Kati ya Machi na Mei, na tena Septemba hadi Novemba, rekodi alfajiri mawingu yakiwa bado hayajajikusanya, na kila mara acha sekunde 10 za ukimya mwanzoni mwa faili ili Audacity ijue kelele ya chumba chako ikoje. Mvua ikikukuta katikati ya sentensi, simamisha, andika ulipoishia, usubiri ikatike.