Slaidi za uvimbe wa titi zinazorudi "sampuli haitoshi": angalia dakika za kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini slaidi zenu za uvimbe wa titi (vioo vya seli zilizonyonywa kwa sindano nyembamba) zinarudi na jibu "sampuli haitoshi" wakati daktari anayechoma sindano ni mzoefu. Mimi ndiye huwa nazipokea upande wa pili, maabara. Nyingi zinazonifikia zina seli za kutosha, ila haziwezi kusomeka.

Adui namba moja ni kukauka. Slaidi itakayopakwa rangi ya Papanicolaou (rangi ya maabara ya kuonyesha seli) inatakiwa iingie kwenye ethanoli ya asilimia 95 papo hapo, ingali inang'aa kwa unyevu. Ukichelewa kidogo tu, seli hutanuka na kiini kinakuwa kama ukungu. Sasa kiini kikubwa ni mojawapo ya dalili za saratani tunazozitafuta, hebu fikiria msomaji anavyohangaika hapo. Kwa hiyo chupa ya ethanoli ifunguliwe na slaidi ziandikwe kwa penseli (wino huyeyuka kwenye ethanoli) kabla mgonjwa hajachomwa.

Kupaka nako kuna mkono wake. Chomoa sindano kwenye sirinji, vuta hewa kwenye sirinji, rudisha sindano, kisha gusisha ncha kwenye slaidi na utoe tone dogo. Laza slaidi ya pili juu yake, acha tone lisambae lenyewe, vuta taratibu. Wanaokandamiza hutuletea nyuzi za viini vilivyopondeka. Damu ikianza kujaa kwenye sirinji, acha hapo hapo, badili sindano na sehemu. Suuza sindano kwa salaini utuletee na maji hayo.

Slaidi za Giemsa, rangi nyingine ya maabara, ndizo za kukausha kwa hewa, tena haraka. Tafadhali msizifunge mfuko mmoja na kichupa cha formalini (dawa ya kuhifadhi vipande vya nyama ya mwili)! Mvuke wake unaziharibu hata kama kifuniko kimekazwa.

Biopsi ya kipande, ile ya sindano nene ya geji 14, ni habari nyingine. Vipande viingie kwenye formalini ya asilimia 10 iliyowekewa bafa (kemikali ya kuzuia isiwe na asidi), ndani ya saa moja, na formalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wao. Spiriti hapana, shashi kavu hapana. Andikeni saa vilipoingia, maana vipimo vya vipokezi vya homoni na HER2 (protini za seli za saratani zinazosaidia kuchagua matibabu) vinataka vikae humo kati ya saa 6 na 72. Jina, namba na upande wa titi viandikwe kwenye kichupa chenyewe, vifuniko hubadilishana.

Halafu, "haitoshi" isisomwe "hakuna saratani". Huyo mgonjwa anachomwa tena, na kama uvimbe unatia shaka kwa mkono au kwenye picha, mpelekeni moja kwa moja kwenye biopsi ya kipande.