Jibu: Fugazi waliishije bila kampuni kubwa?

Mdogo wangu, umeuliza Fugazi, ile bendi ya punk ya Marekani, waliwezaje kudumu bila kampuni kubwa ya kurekodi muziki, maana bendi yenu hapo Nyamanoro, Mwanza, imeletewa mkataba. Habari inaanza kabla yao. Mwaka 1980 kule Washington, D.C., vijana wa Teen Idles walivunja bendi wakiwa na akiba ya kama dola 600 za maonyesho. Hawakugawana. Wawili wao, Ian MacKaye na Jeff Nelson, wakaanzisha Dischord Records, kampuni yao wenyewe ya kutoa santuri, ili santuri ya bendi itoke. Majalada waliyatengeneza wenyewe: walibandua jalada la santuri ya Uingereza, wakafuatisha umbo lake, wakakata kwa mkasi, wakakunja na kugundisha moja moja. Mimi hapo ndipo nawavulia kofia!

Fugazi, bendi ya MacKaye huyohuyo, walipanda jukwaani 1987. Kiingilio kwa kawaida dola 5, umri wowote ruksa, fulana hawakuuza, meneja hawakuwa naye. Santuri zao zilitoka kwa Dischord hiyohiyo, kwa hiyo waliposimama 2003, kazi zao zilibaki mikononi mwao.

Kwa hiyo hela ya shoo za Kirumba msiigawane yote, wekeni ya kurekodi. Na huo mkataba, ulizeni kwanza masta, yaani rekodi halisi za nyimbo zenu, zitakuwa za nani.