Notisi ya kufilisika, uliza kwanza imebaki siku ngapi

Jumamosi moja saa moja jioni nafunga duka Kariakoo, mdogo wangu akapiga video kutoka Perth, Australia, kwao ilikuwa saa sita usiku, ameshika karatasi mbele ya kamera mkono unatetemeka, "dada, nimekwisha." Ilikuwa notisi ya kufilisika, mkopo wa gari aliomdhamini rafiki yake, dola elfu 14, hukumu ilitoka yeye hayupo maana samansi zilipelekwa nyumba aliyokwishahama. Sikumuuliza habari za hela. Nilimuuliza, ulikabidhiwa lini? Kimya. Kumbe siku 16, imekaa kwenye droo.

Kule una siku 21 tangu ukabidhiwe, zikiisha hujalipa wala hujaelewana na mdai basi anapata miezi 6 ya kwenda kuomba utangazwe mufilisi. Mahakama inaweza kukuongezea muda, ipo kifungu cha 41(6A) cha Sheria yao ya Kufilisika ya 1966, ila uwe umeshafungua maombi ya kutengua hukumu au ya kutengua notisi yenyewe kabla siku hazijaisha. Na hapa ndo wengi wanaumia: kufungua maombi ya kutengua hukumu peke yake hakusimamishi siku, lazima uombe na muda uongezwe. Wakiona umefungua ili kuvuta muda tu, au kesi yako huifuatilii, hawakuongezei.

Sisi huku sheria ya ukomo wa muda inaturuhusu kuomba hata muda ukishapita, ndo maana tunalala. Mimi yalinikuta kwenye kesi ya kodi ya fremu, nilichelewa kukata rufaa siku 12. Siku 9 nilikuwa na karatasi za hospitali za mwanangu, zile 3 sikuwa na cha kuandika kwenye kiapo, na Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi hata siku moja lazima uitolee maelezo. Maombi yakatupwa, bado inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo usiku ule nilimwambia mdogo wangu atafute mkataba wa nyumba mpya wenye tarehe ya kuhamia, Jumatatu asubuhi awe kwa wakili, asiende kumbembeleza mdai kwanza. Jumatano maombi yote mawili yakaingia, imebaki siku moja. Mahakama ikamwongezea muda mpaka lile la kutengua hukumu lisikilizwe.