Kiwewe, Mapenzi na Uraka: Neno kwa Wanafunzi wa Vyuo Mtwara

Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba, miezi ileile ambayo mabibo yametapakaa chini ya mikorosho na uraka, pombe ya mabibo hayo, unauzwa kwa bei ambayo hata anayesubiri bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, anaimudu. Kwa hiyo mwaka wa kwanza wa wengi wetu hapa Mtwara huanza na uhuru wa kukaa mbali na wazazi, mpenzi mpya na kikombe, vyote kwa mpigo. Aliyekuja na jambo zito moyoni hana budi kuwa makini zaidi ya wenzake.

Mimi nilikuja chuo baada ya kunusurika katika ajali ya basi iliyomuua kaka yangu. Nilikuwa nikicheka na wenzangu na kufaulu mitihani, lakini bajaji ikifunga breki ghafla najikuta nimemng'ang'ania mkono abiria wa pembeni, na usiku usingizi haunijii. Mpenzi wangu wa wakati huo, kijana mwema kabisa, alinishauri ninywe kidogo ili nilale. Nililala kweli, ila hadi saa tisa usiku tu.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo, na ubongo nao hujitutumua kuishinda. Inapoanza kuisha mwilini, moyo huenda mbio, jasho hutoka na ndoto mbaya hurudi kwa nguvu. Mwenye kiwewe, yaani aliyebaki na mshtuko wa jambo baya lililompata, huamka na hofu kubwa kuliko ile aliyolala nayo, na anayepokea hasira zake ni yule aliye karibu naye. Ugomvi wetu mwingi, nikiutazama sasa, haukuhusu mapenzi hata kidogo, ulihusu usingizi. Tena uraka huendelea kuchacha ndani ya dumu, hivyo wa asubuhi ni mtamu na wa jioni ni mkali, na kipimo ulichokizoea hakikuambii kitu. Nipa, pombe kali ya kukenekwa, ndiyo usiiguse kabisa, maana hujui kilichomo.

Kilichotusaidia ni mazungumzo tuliyoyafanya asubuhi, ufukweni Shangani, hakuna aliyeonja kitu. Nilimweleza habari ya ajali kwa ufupi, bila kumsimulia kila nilichokiona, kisha nikamwambia jambo moja la kufanya: nikishtuka usiku asinishike, aniite kwanza kwa jina. Tukakubaliana pia kwamba jambo zito halizungumzwi mmoja wetu akiwa amekunywa. Likizuka, linangoja kesho. Sharti hili la pili ni gumu kulitimiza kuliko linavyosikika, kwa sababu pombe ndiyo inayomfungua mtu mdomo.

Usimgeuze mpenzi wako kuwa daktari, kwani atachoka, na akichoka utadhani amekuacha. Hospitali za rufaa za mikoa, Ligula hapa Mtwara na Sokoine kule Lindi, zina huduma ya afya ya akili, na kwenda huko si kukiri wazimu. Wapo watakaosema una majini. Mimi sigombani na anayeombewa, mradi asiache kliniki.

Nawe uliye na mpenzi mwenye kiwewe, usimnunulie pombe ili alegee. Aliyelewa hawezi kuridhia tendo la ndoa, na Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu haiihesabu ridhaa iliyopatikana kwa kumlewesha mwanamke. Mpenzi akikupiga, ondoka usiku huohuo uende kwa rafiki, hata kama unamwonea huruma kwa yaliyompata. Ukibakwa, nenda hospitali upesi, kabla ya kuoga ukiweza, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Na kwa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto polisi, uambatane na mtu unayemwamini.