Chujio kwanza, mchanga baadaye

Wengi wenye akwariamu ya maji ya chumvi iliyokwisha kutulia hutaka kubadilisha chujio na mchanga siku moja, maadamu mikono imeshalowa. Naelewa hamu hiyo, lakini nakusihi uiache. Nimefuga samaki wa bahari kwa miaka mingi, na kila ninapofanya ukarabati mkubwa hushughulikia kitu kimoja tu, kisha nikasubiri.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki huitoa kinapooza. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. Bakteria hao hawaishi sana majini. Wameganda kwenye mawe, kwenye punje za mchanga na ndani ya sponji za chujio. Ukiondoa mchanga na chujio kwa pamoja, mawe peke yake huenda yasiumudu mzigo. Na katika maji ya bahari hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, ni kama 8.1 hadi 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa katika umbo lenye sumu.

Mimi huanza na chujio. Jipya hulifunga kando ya lile la zamani, yote mawili yakafanya kazi kwa wiki 4 hadi 6. Sponji la zamani likiingia ndani ya chujio jipya, ni bora zaidi. Likihitaji kusuuzwa, lisuuze kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kwani klorini ya maji ya bomba huua bakteria wale wale unaowahifadhi. Skima ya protini, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu, haina masharti hayo. Unaweza kuibadilisha siku yoyote, ila mpya huchukua siku kadhaa kabla ya kutoa povu la kueleweka.

Mchanga ndio unaohitaji subira. Chini kabisa, pasipofika oksijeni, hujikusanya uchafu, na humo huweza kutokea gesi ya haidrojeni salfaidi. Utaijua kwa mabaka meusi yanayoonekana kupitia kioo na harufu ya yai viza. Ni sumu kwa samaki, kwa hiyo mchanga wa zamani usiukoroge wala kuuchota kwa kikombe huku samaki wamo. Unyonye kwa mpira mpana pamoja na maji unayobadilisha, robo ya sakafu kwa mara moja, kisha ngoja wiki moja au mbili kabla ya robo inayofuata. Pima amonia kila siku katika kipindi hicho chote.

Kabla ya hapo kagua mawe. Jiwe lililokaa juu ya mchanga huporomoka mchanga unapotoka chini yake, na likianguka laweza kupasua kioo. Lishushe kwanza likae imara kwenye sakafu ya tangi. Vaa glavu pia, maana baadhi ya matumbawe laini yana sumu kali inayoweza kuingia kupitia jeraha dogo tu.

Kwa mchanga mpya napenda aragonaiti, mchanga wa madini ya chokaa, yenye punje za milimita 1 hadi 2. Ulio laini sana hupeperushwa na pampu zenye nguvu na kuwaangukia matumbawe. Kama ni mkavu, uoshe mpaka maji yatoke safi, zima pampu, kisha umimine polepole kupitia bomba linalofika chini. Juu yake nyunyiza mchanga kidogo wa zamani, ule wa tabaka la juu tu. Ukiwa na samaki wanaojifukia mchangani wanapolala, waachie kila mara upande wenye mchanga wa kutosha.

Maji ya kujazia yachanganye jana yake, yakiwa na joto na kiwango cha chumvi sawa na cha tangi. Punguza chakula wiki hizo.

Amonia ikijitokeza kwenye kipimo, simamisha kazi yote. Badilisha sehemu ya maji, na robo inayofuata iahirishe mpaka kipimo kirudi sifuri na kikae hapo siku kadhaa. Chujio la zamani usilikaushe wala kulitupa mapema. Liache likizunguka hadi mchanga wote umalizike, kwa kuwa bakteria waliomo ni akiba yako iliyo tayari.