Kinyume cha "panda" ni nini? Nipe sentensi kwanza

Kila ninapowasaidia watoto wa darasa la saba hapa Moshi, swali la "panda" lazima lije. Jibu langu ni lilelile: sentensi iko wapi? Aliyepanda daladala ya Marangu atashuka. Aliyepanda Mlima Kilimanjaro atateremka. Aliyepanda mgomba hashuki popote. Kinyume chake hapo ni kung'oa. Na tukiagana kukutana Njia Panda ya Himo, hiyo "panda" ni nomino, usihangaike kuitafutia kinyume.

Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Utakuta "panda" imegawanywa katika vidahizo mbalimbali, yaani maneno yanayoorodheshwa kila moja peke yake na maana yake. Andika kila maana na mfano wake, ndipo utafute kinyume.

Neno ninalolipenda zaidi kufundishia ni "-bichi", maana ukienda soko la Mbuyuni unaliona kwa macho. Ndizi mbichi, zile za mtori, kinyume chake ni ndizi mbivu. Kuni mbichi zinazojaza jiko moshi na kutoa povu nchani? Kuni kavu. Nguo iliyoanuliwa mbichi nayo kinyume chake ni kavu. Nyama mbichi ya buchani, nyama iliyopikwa. Tofali bichi, tofali la kuchoma. Kwa hiyo usiogope jibu lenye maneno mawili matatu, kama ndivyo watu wanavyosema.

Kuweni macho na kauli ya kutendua, yaani umbo la kitenzi linalorudisha nyuma kilichofanywa. Funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua: inanoga, na kwa mlango au mzigo haina shida. Lakini mshambuliaji aliyefunga bao hawezi kulifungua. Kinyume chake amekosa. Ndoa iliyofungwa huvunjwa. Saumu ndiyo inataka utulivu: jioni mtu anafungua, kweli, lakini hapo anamaliza funga yake. Kinyume cha "leo amefunga" ni "leo hakufunga". Ukanushi mtupu, na ni jibu halali kabisa.

Ukishapata jibu, lirudishe kwenye sentensi ileile bila kugusa kitu kingine. "Mbwa mpole" inakaa vizuri mahali pa "mbwa mkali". Jaribu "kisu kipole" uone. Pale panataka "butu".

Nanyi walimu wenzangu mnaotunga mazoezi, nawaomba sana: msiandike "kali" peke yake na mstari wa kujaza mbele yake. Mtoto anayejibu "butu" na anayejibu "pole" wote wamepata, na mmoja wao atawekewa kosa.